Nyumba Zilizolala Fungu Mwezi

Palma, 3 Machi 2013

Mjomba Fauzi, shikamoo.

Saquina anavuka mpaka wa Namoto na mzigo wake wa vitenge, nami nimembana achukue na bahasha hii. Ndani yake kuna flashi. Nimemsihi asiichanganye na samaki wakavu, akacheka, lakini ukiona inanuka usinilaumu mimi.

Najua umeshasikia habari za gesi. Tangu waipate huko chini ya bahari, Palma imejaa magari meupe yenye vibendera juu ya milingoti, na mimi mpwa wako nimepata kazi kwenye ofisi ya vipimo. Kazi yangu ni kuingiza kwenye kompyuta nyumba, mashamba, minazi na visima vya Lipwesi. Ndiyo, Lipwesi yetu. Kampuni inapataka pale, na watu watahamishiwa kwingine. Kitakachoingizwa kitahesabiwa kuwa kilikuwepo, kisichoingizwa hakina wa kukisemea. Kwa hiyo nachapa polepole.

Kompyuta ni ya zamani, na kanzidata iliyomo ni ya zamani kuliko kompyuta. Haina picha hata moja. Kila nyumba ni mstari mmoja: jina la mwenyewe, namba za mahali ilipo, basi. Sasa engenheiro Pedro, mhandisi mkuu wetu, mtu wa Beira, anataka ramani ambayo watu wa kijiji wataiona kwa macho. Mchoraji aliyekuwepo amehamia Maputo. Nikamwambia nina mjomba Mtwara achoraye ramani kwa kompyuta tangu mimi nasoma shule ya msingi. Akaniuliza kama ni mtu wa kuaminika. Nikasema ni mjomba wangu, nikaona ameridhika.

Mtandao wa hapa unakuja na kuondoka, ndiyo maana vitu hivi vinasafiri kwa miguu ya Saquina.

Mama hajambo, yuko kulekule Lipwesi. Anakusalimu sana.

Mpwa wako,
Zuleica


Mtwara, 14 Machi 2013

Mpwa wangu Zuleica, marahaba.

Flashi imefika, na hainuki.

Siku ya kwanza nilipoifungua, Lipwesi nzima ilirundikana kwenye kona moja ya kioo, nyumba juu ya nyumba, kama vifaranga wanaokimbia mvua. Nikaanza kutafuta sababu. Kumbe ni mkato. Huko kwenu, kwa desturi ya Kireno, desimali huandikwa kwa mkato, na programu yangu ya kuchorea huona mkato kama ukuta: kilicho upande huu ni namba moja, kilicho upande ule ni namba nyingine. Kila nyumba ilikatwa vipande viwili. Nimegeuza mikato yote kuwa nukta. Tena majina yenye alama juu ya herufi yamekuja na vijidudu katikati, na majina marefu yamekatwa mkia, maana kanzidata yenu imetenga nafasi fupi. Hayo nimeyasahihisha kwa kumbukumbu, kwa sababu watu wengi nawajua.

Hilo ndilo sikulitarajia. Nilidhani nitapokea namba. Badala yake walikuwa wanaingia mmojammoja, akina Rosita, akina Momade mfua vyuma, kila mmoja na alama yake ndogo, na kila alama ilipotulia mahali pake nilisikia mlango ukifunguka. Nilikaa hapo mpaka chai ikapoa. Nyumba ya mama yako ilipokuja sikuipa rangi mara moja. Niliiacha ing'ae peke yake kidogo.

Pwani sikuwa nayo kwenye faili lako, basi nimeichukua kutoka ramani mpya ya serikali na kuilaza chini ya nyumba. Karatasi imekunjwa ndani ya bomba la plastiki. Saquina amelalamika kuwa ni refu.

Asante kwa salamu za dada yangu. Zimenishangaza kidogo, lakini nimezipokea.

Mjomba wako,
Fauzi


Palma, 24 Machi 2013

Mjomba, shikamoo.

Sijui nianzie wapi, basi nianze na ukweli. Zile salamu za barua ya kwanza nilizitia mwenyewe. Nadhani ulijua. Tangu mwaka juzi ulipomwandikia Mama kuwa aondoke Lipwesi mapema akaishi nawe Mtwara, kwamba nyumba ni miti na makuti tu, hataki jina lako litajwe penye chakula. Anasema ulitaka kumng'oa kama muhogo.

Lakini leo salamu ninazoandika ni zake. Sikiliza ilivyokuwa.

Engenheiro Pedro alikuwa Pemba ya huku kwetu, na reunião, yaani mkutano wa kijiji, haikuweza kungoja. Tukaenda mimi na Ibraimo, msaidizi wake, tukaibandika ramani yako ukutani shuleni. Ilikuwa nzuri, Mjomba. Bahari umeipa buluu nyepesi kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Wanaume walisogea kwanza kutafuta mashamba. Wanawake wakabaki nyuma, kisha Mama akanishika mkono, akaniambia nimwonyeshe alipo.

Nikaweka kidole. Kidole kilikuwa ndani ya buluu.

Nyumba zote zilizo pwani zilikuwa zimesogea, Mjomba. Zilikuwa baharini. Zilitandaa juu ya Fungu Mwezi, lile fungu la mchanga linalotoka maji ya bamvua yakipwa, ambapo wanawake wa Lipwesi huokota chaza na kome. Ibraimo naye aliona, akaanza kukohoa. Mama akauliza pale ni wapi, na Ibraimo, maskini, akasema alichokiona: kwamba ni fungu, na kwamba majina yaliyoandikwa juu yake ni ya wenye nyumba. Na wewe unajua, upande wa pwani nyumba nyingi ziko kwa majina ya wanawake.

Wakaja wanawake wote, wakaniomba niwasomee. Rosita. Saquina, huyuhuyu wetu. Cadija, yaani Mama. Kila jina nililosoma, mwenyewe aliitikia kama anaitwa mlangoni. Miezi yote hii wamekuwa wakiwaambia watu wa kampuni kwamba fungu ni lao tangu bibi zao, na wanajibiwa kuwa bahari haina mwenyewe. Sasa wanaliona limeandikwa.

Mama akasema, kwa sauti ya watu wote, "Fauzi hakusahau."

Tulipokuwa tunarudi nyumbani alinisimulia jinsi alivyokuwa akikubeba mgongoni kwenda fungu, ukilia maji yakigusa miguu yako. Alikuwa anacheka. Ameniambia nikusalimu, na nisiongeze neno langu.

Sikuthubutu kumwambia kitu. Nakuuliza wewe kwanza. Ulifanya makusudi?

Zuleica


Mtwara, 1 Aprili 2013

Zuleica mwanangu,

Hapana. Sikufanya makusudi. Laiti ningefanya.

Nimekagua, na kosa limeonekana. Watu wa zamani walipopima ardhi ya Msumbiji walikuwa na kianzio chao cha kuhesabia. Siku hizi hupimwa kwa setilaiti, na kianzio ni kingine. Kanzidata yenu ilifunguliwa enzi hizo na inaweka namba zote kwa hesabu ya kale. Pwani yangu ni ya hesabu mpya. Nilipolaza moja juu ya nyingine, nyumba ziliteleza hatua za kutosha kuzivusha mchanga na kuzizamisha. Programu hazikuona tatizo. Kila moja ilisema kweli kwa lugha yake.

Siku niliyopata barua yako nililala mchana, jambo nisilolizoea. Nikamwona dada yangu amekaa kizingitini kwake chini ya maji, anachambua mchele. Samaki wanapita dirishani. Moshi wa jiko lake ulikuwa unapanda taratibu mpaka juu, na ulipofika juu ukawa mawingu kama moshi wowote. Alinitazama bila hasira. Nilipoamka sikutaka kuifungua kompyuta, kwa sababu nilijua nikiifungua nitasahihisha.

Nimesahihisha. Ramani mpya iko kwenye flashi hii, na nyumba zimerudi nchi kavu.

Sasa nakuomba jambo gumu. Mwambie mama yako. Usiniachie msamaha nilioupata kwa kuteleza kwa namba. Ukiona vigumu, msomee tu barua hii.

Halafu nijibu hili: kwenye kanzidata yenu, kuna mahali popote pa kuandika fungu?

Mjomba wako


Palma, 15 Aprili 2013

Mjomba, shikamoo.

Hakuna mahali. Kuna nyumba, shamba, mti, kisima, kaburi, msikiti. Bahari inaanzia pale ambapo orodha inaishia.

Engenheiro Pedro alirudi, akaiona ramani ya kwanza, akakasirika kama anavyokasirika yeye, yaani akaacha kula. Aliniuliza kwa nini sikuishusha ukutani palepale. Ile mpya ameipokea, akasema ndiyo itakayokwenda kwenye mkutano na watu wa wilaya.

Mama nilimsomea barua yako nyumbani Lipwesi. Nilimsomea yote, hata ndoto. Alikuwa anabanja chaza kwa jiwe, hakusimamisha mkono. Nilipomaliza alibanja wengine wengi. Jioni akasema, "Kumbe si Fauzi aliyekumbuka. Ni mashine." Nikadhani ndiyo yamekwisha.

Kesho yake alikuja chumbani kwangu amefunga kanga kiunoni tayari. Akasema bamvua linaingia, nichukue kile kidude changu cha kupimia tuende.

Mjomba, nilidhani nalijua fungu. Nimeokota kome pale tangu utoto. Lakini sikuwahi kwenda na watu wote kwa nia hiyo. Maji yalirudi nyuma kama mtu anayevuta shuka kitandani, na mchanga ukabaki unang'aa, hujui kama unakanyaga chini au anga. Wanawake walitembea mbali mbele yangu, na kila mmoja alikuwa na mwenzake kichwa chini ndani ya maji. Sauti zilifika zikiwa zimechelewa. Rosita aliniita, nami niliitikia wakati ameshanyamaza.

Walinipeleka mpaka kwa mpaka wa sehemu ya kila mwanamke. Hapa kuna bonde la maji ambalo halikauki, hapa kuna jiwe lenye umbo la kiti, hapa mchanga unageuka mweusi. Walibishana mara mbili tu, na mara zote mbili walicheka kabla hawajamaliza. Kila kona nilisimama nikasubiri kidude kisome setilaiti. Tulipogeuka, maji yalikuwa yanatufuata visiginoni, na Mama alikuwa wa mwisho.

Nimefungua jedwali jipya kwenye kanzidata, nimeliita Fungu. Hakuna aliyenituma. Lakini programu yetu hukubali mahali pamoja tu kwa kila mstari, na sehemu ya mtu ina kona nyingi. Basi kila kona nimeipa mstari wake, na jina limerudiwa. Sijui kama utaweza kuziunga. Safari hii nimehakikisha kipimo ni kipya na nukta ni nukta.

Mama hakutuma salamu. Alituma chaza waliokaushwa, wako kwa Saquina. Sijui maana yake. Wewe wale tu.

Zuleica


Mtwara, 29 Aprili 2013

Mwanangu Zuleica,

Chaza nimewala. Niliwagawa sehemu mbili ili wasiishe siku moja, na waliisha siku moja.

Kona zako zimeungana. Mwanzoni zilikuja kwa mpangilio wa herufi, na mistari ikapitana kama nyavu zilizotupwa ovyo. Ikabidi nimfuate kila mwanamke kwa jinsi mlivyotembea, kona hadi kona, mpaka mstari urudi ulipoanzia. Programu ya kuchorea haikubali umbo lililo wazi. Lazima lifungwe. Na kila lilipofungwa lilijaa rangi lenyewe, ghafla, kama dimbwi.

Nimepita humo kutwa nzima siku kadhaa. Mtu akinisemesha nilikuwa namjibu kutoka mbali. Mwenzangu wa ofisini aliniuliza nachora nini, nikamwambia nachora ardhi isiyokuwepo. Baadaye nikaona nimesema vibaya. Ipo, ila hupumzika.

Majina nimeyaandika kamili, sikuruhusu likatwe hata moja.

Ramani ni hiyohiyo ya Pedro, nimeongeza fungu tu. Akiuliza, mwambie mjomba amechora alicholetewa. Usijibu zaidi ya hapo, hata akiuliza mara mbili.

Msalimie dada yangu kwa kinywa changu, usitie sukari.

Fauzi


Palma, 19 Mei 2013

Mjomba wangu, shikamoo.

Sasa najua kwa nini uliniambia nisijibu zaidi.

Mkutano ulifanyika juzi shuleni Lipwesi. Walileta jenereta na ile mashine ya kurusha picha ukutani, kwa hiyo ramani haikuwa karatasi, ilikuwa mwanga. Dona Verónica wa ofisi ya wilaya alikaa mbele, na mabwana wawili kutoka makao makuu ya ofisi yetu, ambao sikuwahi kuwaona. Ramani ilipotokea, fungu lilikuwepo, la manjano hafifu, na sehemu zote na majina yote. Nilimwona engenheiro Pedro akilitazama. Alijua kuwa nimemficha.

Mmoja wa wale mabwana akauliza yale maumbo baharini ni nini. Pedro akasema ni sehemu za wanawake za kuvunia. Bwana akasema kwa upole kabisa kwamba hayo hayamo kwenye makundi yanayotambuliwa, ayaondoe ili watu wasichanganyikiwe. Kwenye programu yako kila kundi lina tabaka lake, nami najua unaweza kulizima tabaka moja mengine yakabaki. Pedro akatafuta tabaka la fungu. Halikuwepo. Akajaribu hili na lile, mwisho akabofya tabaka la nyumba.

Lipwesi yote ikatoweka. Nyumba zote, na fungu pamoja nazo. Ukutani ikabaki buluu na njia tupu za kwenda mahali pasipo na mtu.

Uliviweka pamoja, Mjomba. Uliliweka fungu ndani ya tabaka la nyumba.

Ilikuwa kama wakati mtu anapozimia na watu bado hawajasogea. Mzee Momade mfua vyuma alivua kofia. Mwanga wa ule ukuta mtupu ulikuwa usoni kwa Mama, na nilimwona akifumba macho, nadhani alikuwa anahesabu watu wake humo ndani. Jenereta liliendelea kunguruma nje.

Dona Verónica akasema, "Rudisha."

Pedro akarudisha. Yule bwana akamwuliza kama hawezi kutenganisha. Ninajua anaweza, Mjomba, ni kazi ya asubuhi moja, na yeye anajua kuwa najua. Pedro akavua miwani, akaifuta kwa shati. Akasema, "Ilivyochorwa ndivyo inavyokuja. Nyumba na fungu ni kitu kimoja."

Dona Verónica akaandika. Akawauliza wanawake, na walizungumza kwa muda mrefu, safari hii si nyuma ya wanaume. Mwisho ikaingizwa kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba Lipwesi ina nyumba kadha na mashamba kadha na fungu la kuvunia, na kwamba popote watakapohamishiwa watu, njia ya kwenda Fungu Mwezi itazungumzwa nao kabla. Sikudanganyi kuwa ni ushindi mkubwa. Kijiji kitahama. Neno lililoandikwa ni "itazungumzwa". Lakini limeandikwa, na lina muhuri.

Habari mbaya ni yako. Wale mabwana wamemwagiza Pedro asikupe kazi tena. Aliniita mwenyewe kunieleza, akasema anasikitika, kisha akaniomba nimfundishe jina la lile jiwe lenye umbo la kiti. Nilimwambia ni Kitini tu. Akaliandika mkononi.

Mama ameomba karatasi. Anasema barua ijayo ni yake.

Zuleica


Lipwesi, 2 Juni 2013

Kwako Fauzi,

Anayeandika ni Zuleica, anayesema ni mimi dada yako Cadija. Nimemwambia aandike ninavyosema, asitengeneze.

Nimesikia umepoteza kazi ya huku. Pole. Nimesikia ulijua utaipoteza. Hilo nalo nimelisikia.

Zuleica amenieleza habari za matabaka mpaka kichwa kikaniuma. Nilichoelewa ni hiki: waliponiondoa mimi kwenye fungu, niliondoka na nyumba yangu na nyumba za wenzangu, na ukuta ukabaki kama siku kabla Mungu hajaweka watu. Niliogopa, Fauzi. Nimezika wazazi na mume, lakini sikuwahi kuona hivyo. Kisha tukarudi wote pamoja. Tangu siku ile nikitoka asubuhi naigusa nguzo ya mlango.

Ile siku uliyoniandikia niondoke, nilisikia unaniambia sina kitu. Sasa nadhani ulikuwa unaogopa, na mimi nilikuwa naogopa, na kila mmoja alimkasirikia mwenzake kwa kuogopa.

Tutahama. Wanawake tumeshakubaliana, popote watakapotuweka tutatembea hadi fungu, hata ikiwa mbali, hata ikibidi kuondoka na nyota. Rosita anasema yeye atalala njiani. Wote tumecheka.

Zile sehemu umezichora vizuri, naambiwa. Mimi sijui kusoma ramani. Sehemu yangu imekosewa upande wa bonde, nimemwonyesha Zuleica, anasema ni kidogo sana, na mimi nasema chaza wengi wako hapohapo. Sitaki uirekebishe ukiwa umekaa huko. Bamvua kubwa litaingia kabla ya Ramadhani. Vuka Namoto na Saquina, atakusubiri. Nitakupitisha mwenyewe.

Uje na viatu vigumu. Chaza hukata miguu ya watu wa mjini.

Dada yako,
Cadija